Namba Haina Mjomba: Miaka Yangu ya Kupima Mavuno

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Imening'inia sebuleni kwangu hapa Chang'ombe, inagonga, na mimi naamka kabla yake kama nilivyoamka maisha yangu yote. Lakini wewe Neema, uliyeshika kazi yangu, hukuniuliza habari za saa. Uliniuliza, "Bibi, ule mraba unaupimaje usikosee?" Nikakuambia nitakuandikia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu unatembea kama kuku kwenye vumbi, nivumilie. Majina lakini nayakumbuka yote, na kupima mavuno, ukiniuliza mimi, nusu yake ni kukumbuka.

Nilianza kwa kuamia ndege. Kituo chetu kilikuwa na vishamba vya majaribio vya mtama na uwele, kila kimoja na kibao chake chenye namba, na kweleakwelea hawasomi vibao. Tulikuwa wanne: mimi, Yunisi, Debora na marehemu Malogo. Kila mmoja alipewa kombeo na debe bovu la kugonga. Tulikuwa tunawahi kabla ya jua, maana ndege anakuja na njaa ya usiku mzima, na tunaondoka likishazama. Siku yangu ya kwanza niligonga debe kwa bidii ya mgeni, likatoboka kabla ya saa nne. Malogo akanicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, debe hilo ni la msimu mzima!"

Msimu ule ule, siku ya kupima, upepo ukachukua karatasi za vishamba vitatu. Magunia yamekaa pale, hayana majina. Mpimaji wetu alikuwa Mzee Ndahani, mtu mrefu, mkavu, koti lake moja mvua na jua. Akashika kiuno, akayatazama magunia kama anayetazama watoto wasiojua kwao. Mimi nikajitosa.

"Baba, hili ni la kishamba cha saba."

"Umejuaje?"

"Punje zake ndogo. Ndicho kile cha Debora, aliugua wiki nzima, kikapaliliwa kwa kuchelewa, kiduha kikakiwahi."

Kiduha unakijua, Neema, lile gugu la maua ya zambarau. Juu linapendeza kama maua ya altareni, chini linanyonya mizizi ya mtama. Mzee Ndahani akachota punje, akazitazama kiganjani. "Kesho usije na kombeo," akasema. Nikadhani nimefukuzwa, nikalia njia nzima mpaka nyumbani. Kumbe kesho yake alinikabidhi vigingi.

Vigingi ni vinne, vya mti mgumu, alivichonga mwenyewe, na ndivyo hivyo ulivyo navyo wewe sasa. Kamba ni ya katani. Kamba ya katani ikilowa inafupika, ikikauka inalegea, kwa hiyo kila asubuhi ipime kwa tepu kabla hujaiamini. Ukishaivuta kwenye vigingi vyote vinne, pima na kona kwa kona. Zikilingana, huo ni mraba. Zisipolingana umetandika mkeka uliovutwa na watoto. Shina likisimama juu ya kamba, tazama mzizi, usitazame suke. Suke linainamia kwa jirani, mzizi hauhami. Ukishakata mtama uliomo ndani ya mraba, pura, pepeta, pima, kisha anika siku kadhaa upime tena, maana mtama mbichi umebeba maji na maji hayasongwi ugali. Na kwenye mizani utundike kiroba kitupu kwanza, uzito wake uutoe. Nimeona mtaalamu mwenye miwani akipima uzito wa kiroba miaka miwili.

Hayo yote unaweza kumfundisha mtu kwa siku moja. Kinachotaka miaka ni mahali pa kigingi cha kwanza. Kwenye shamba la mkulima kijijini, hapo huchagui. Una karatasi ya namba iliyotoka ofisini: hatua kadhaa kufuata ukingo wa shamba, kisha hatua kadhaa kuingia ndani. Zikikuangusha kwenye mtama mzuri, shukuru. Zikikuangusha kwenye kichuguu, unapima kichuguu. Nilimuuliza Mzee Ndahani kwa nini tusitazame tu mahali palipo pa kawaida. Akanijibu, "Jicho lina ndugu, Sechelela. Linapenda kijani. Namba haina mjomba."

Wastani alinifundisha kwa vibuyu. Alipanga vitano, kimoja kimejaa uwele, vingine vina wa kufunika ukucha tu. Akavimimina vyote kwenye beseni, akarudisha kwenye vibuyu kwa kugawa sawa. "Unaona? Sasa vyote viko sawa. Huo ndio wastani." Nikamwambia, "Lakini baba, mwenye kibuyu cha ukucha hajapewa kitu." Akacheka, na alikuwa hacheki ovyo. "Ndiyo maana tunapima kwa uangalifu. Wastani haumlishi mtu, ila ukikosewa unaweza kumnyima." Maneno hayo niliyasikia kwa sikio moja. Yalikuja kunirudia.

Mzee Ndahani alipostaafu akaja Bwana Mushi, kijana mwenye shahada, mtoto wa Moshi kwenye migomba, viatu vyake vinang'aa mpaka huruma. Siku ya pili tu akabandika karatasi kubwa ukutani, ina mistari ya kusimama, mirefu na mifupi.

"Mama Sechelela, njoo uone dunia. Huu ni wastani wa mahindi kwa hekta huko Marekani." Ulikuwa unatafuta dari. "Huu ni mpunga wa Misri." Nao mrefu. "Na huu ni mtama wetu."

Akainama kunionyesha. Ulikuwa kama kisiki kilichobaki baada ya moto.

"Hao wenzetu wanalima usiku na mchana?"

"Hapana, mama. Wana mbegu bora, mbolea, na maji."

"Misri kunanyesha sana?"

"Karibu hakunyeshi. Wana mto."

"Basi, Bwana Mushi, usimshindanishe mwenye mto na mwenye wingu."

Alicheka, lakini nilimwona akiandika. Tangu siku hiyo tulielewana. Yeye alinifundisha kuwa wastani wa dunia ni kibuyu kikubwa sana, na ndani yake mwenye trekta amechanganywa na mwenye jembe la mkono. Mimi nilimfundisha kuwa hapa kwetu mvua si nyingi au chache tu, ina tabia pia. Mtama ukiwa mdogo unavumilia kiu. Kiu ikiukuta unatoa suke, umekwisha, hata mvua ya baadaye ije na radi zake. Nilimpeleka Bahi mwaka wa mvua akaona majaruba ya mpunga yamejaa maji na watu wanavua samaki pembeni, kisha nikampandisha juu, mwendo wa bodaboda tu, akaona uwele umesimama kwenye mchanga. Wilaya moja, mawingu yale yale. "Huu nao utauchoraje?" nikamuuliza.

Nisikudanganye lakini, si yote ni ya mbinguni. Nimeona zizi lenye samadi ya kufika magotini, na shamba la mwenye zizi, hatua mia tu kutoka hapo, limekuwa la manjano kwa njaa. Nimeona mbegu nzuri ya watafiti wa Hombolo imepandwa, mama mwenye shamba akauguliwa na mtoto wiki mbili za palizi, mavuno yakawa ya palizi na si ya mbegu. Watu hawaandiki ugonjwa wa mtoto kwenye daftari la mavuno. Mimi nilikuwa naandika pembeni, kwa penseli.

Sasa nikuambie kosa langu. Mema yangu mtasimuliwa na wengine, wakipenda.

Mwaka ule mvua ilikuja Desemba, ikatuchekea, ikapotea Januari yote na nusu ya Februari. Kila mtu alijua njaa inakuja. Ofisi ikataka vipimo haraka, maana kwa vipimo hivyo ndivyo ingejulikana kijiji gani kipewe mahindi ya msaada. Kijiji cha Chinyami, juu ya Bahi kwenye ardhi kavu, kiliangukiwa na kura ya mashamba matatu ya kupimwa. Mawili tulipima, yalikuwa ya kusikitisha. La tatu lilikuwa la Mzee Chidawali.

Mzee Chidawali ni wa ukoo wa mama yangu. Kwa hiyo ni mjomba wangu, tena mjomba wa kunipigia kelele. Bwana Mushi alibaki kwa mwenyekiti wa kijiji kusaini makaratasi, mimi nikaenda na vigingi vyangu.

"Mbukwenyi, mjomba."

"Mbukwa, mwanangu. Umekonda. Mjini hawali?"

Mkewe, Mama Nyemo, alishaweka ugali na mlenda. Nilikula, nikanawa, nikaanza kuhesabu hatua. Karatasi ilisema thelathini na moja kufuata ukingo, kumi na nne kuingia ndani. Nikafika mahali pekundu, pagumu, mtama wa kufika gotini, masuke kama vidole vya mgonjwa. Nikainama kupiga kigingi. Mjomba akanishika mkono.

"Hapo unafanya nini?"

"Namba imenileta hapa, mjomba."

"Namba ya nani? Imezaliwa Chinyami?" Majirani walikuwa wamesimama njiani wakitutazama, naye akapunguza sauti. "Mtoto wa dada yangu anakuja na kazi ya serikali, nimwonyeshe upara? Hawa watasema Chidawali halimi. Mgeni haonyeshwi chungu kilichoungua. Njoo huku."

Akanipeleka kwenye mahame. Wewe umekulia mjini, Neema, labda hujui. Sisi tukihama tembe, pale palipokuwa na nyumba na zizi panabaki mahame, na ardhi yake imeshiba samadi ya miaka. Pale mtama haukujua kama kuna ukame. Ulikuwa umenizidi kimo, masuke yamefumba kama ngumi. Kipande chenyewe kidogo, ukisimama upande mmoja unamsikia anayekohoa upande wa pili.

Mimi Sechelela, mwanafunzi wa Ndahani, nikahamisha vigingi. Nilijiambia shamba ni moja, mwenyewe ni mmoja, mtama ni ule ule. Mjomba akasimama kifua mbele. Niliporudi na kiroba, Bwana Mushi akakiinua kwa mkono mmoja, akahitaji wa pili. "Huyu mzee ni mkulima hasa," akasema. Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili.

Baada ya wiki kama nne Mama Nyemo akagonga mlango wangu hapa Chang'ombe. Amekuja mjini kutafuta kibarua cha kufua, umri wake ule.

"Shikamoo, Mama Nyemo. Kuna nini?"

"Marahaba. Mahindi ya msaada yamekwenda kwa wenzetu. Sisi tumeambiwa tumevuna."

"Nani kasema?"

"Karatasi. Mwenyekiti ametusomea. Karatasi inasema Chinyami tumevuna."

Kibuyu kimoja kilichojaa, Neema. Kimemiminwa na vile viwili vya ukucha, kikatoka kijiji kinachoonekana kimeshiba.

"Na mjomba anasemaje?"

"Mjomba wako haongei. Anajua ni mahame. Lakini atasimamaje mbele ya watu aseme alificha shamba lake kwa aibu?" Akafunga khanga yake upya. "Majirani wameanza kula mbegu, mwanangu. Mvua ikija watapanda nini?"

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bwana Mushi kabla hajafika na ufunguo. Nikamweleza yote, thelathini na moja, kumi na nne, mahame. Alikuwa mpole siku zote, siku hiyo akapiga meza.

"Mama, ripoti imeshaondoka!"

"Iliyokwenda inaweza kurudi."

"Unajua unachosema? Nikiandika kwamba kipimo kilihamishwa, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Wewe ni kibarua. Hawatakuuliza mara mbili."

"Najua. Nitakwenda. Vigingi nitaviacha, ni vya Mzee Ndahani."

Akakaa. Akazungusha kalamu. "Na hata nikiandika, nitaweka namba gani? Shamba limeshavunwa. Nitapima nini, mabua?"

"Tutapima kilindo," nikasema.

Kilindo ni lile pipa la gome la mti tunalowekea nafaka. Linakaa ndani, mdomo wake umekandikwa kwa samadi, na anayekifungua ni mama mwenye nyumba, basi. Mume mwenyewe hachungulii bila kuuliza, sembuse ofisa mwenye kalamu. Kumwomba mwanamke wa Kigogo akufungulie kilindo mwaka wa njaa ni kama kumwomba avue nguo sokoni. Nililijua hilo nilipolisema, na njiani kwenda Chinyami na Bwana Mushi, na nilipofika uani nikashindwa kufungua mdomo. Mjomba alikuwa amekaa nje kwenye gogo. Alinipa mgongo.

Mama Nyemo ndiye aliyenitoa. "Ingieni," akasema. "Njaa imeshaingia bila hodi, nyie mtashindwa nini?"

Akakigonga kilindo kwa kiganja. Kilindo chenye kitu kinaitikia kwa kifua. Kile kilitoa mlio wa ngoma, ukatoka mpaka nje. Kisha sauti ya mjomba, bado ametupa mgongo:

"Umesikia, mtoto wa migombani? Haya, andika."

Bwana Mushi alivua viatu vyake vya kung'aa, akapiga magoti ndani ya tembe, akashikilia kiroba mwenyewe. Tukamimina nafaka yote, tukapima. Kilichokwisha kuliwa tulikijua, maana Mama Nyemo kila akitoa beseni alifunga fundo kwenye kamba iliyoning'inia ukutani. Tukahesabu mafundo, tukapima beseni moja, tukazidisha. Masuke ya mahame yalikuwa juu ya jiko, kwenye moshi, ndiyo mbegu, nayo tukayashusha, tukayapima yakiwa na mabua yake, tukayarudisha. Kisha tukalizunguka shamba zima kwa tepu, na mahame yakiwemo, jua la saa saba kichwani. Kipimo kilichotoka kilikuwa kinafanana na mahali pale pekundu nilipokatazwa kupiga kigingi. Namba ilijua tangu mwanzo.

Ripoti ikaandikwa upya. Siku nilizongoja jibu, Bwana Mushi alikuwa ananisalimia tu, na mimi nikawa nafagia hata palipo safi. Mwisho mahindi yakaenda Chinyami. Yalichelewa, mbegu za nyumba kadhaa zilikuwa zimeshaliwa, hilo sitalipaka rangi. Lakini nyingi zilibaki juu ya jiko, na mvua ilipokuja watu walikuwa na cha kupanda. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ninayo bado, nimeihifadhi na cheti cha ubatizo.

Msimu uliofuata Chinyami ikaangukiwa tena, na shamba la Mzee Chidawali likawemo. Safari hii Bwana Mushi alikuja nami mpaka shambani. Mjomba alikuwa anatungoja pembeni mwa shamba, amevaa koti la kanisani.

"Lete karatasi," akaniambia. Kusoma hajui, kwa hiyo nikamsomea: hatua kumi na tisa, kisha ishirini na mbili. Akageuka, akaanza kutembea mwenyewe, anahesabu kwa sauti ili njia nzima isikie. Majirani walikuwepo, wale wale. Mmoja wao, Mbijima, mtani wake, akapiga kelele:

"Chidawali! Mbona unapita mahame? Mwonyeshe mgeni mahame!"

"Mahame ni ya mbegu," mjomba akajibu bila kugeuka. "Kumi na sita. Kumi na saba. Nyamaza, utanipoteza."

Namba ilimwangusha mahali pa hivi hivi, nusu mtama nusu changarawe. Akasimama, akanyoosha mkono nimpe kigingi. Akaokota jiwe, akakipigilia yeye mwenyewe, mapigo mawili makali, mpaka kichwa kikapasuka kidogo.

Vitazame vigingi vyako, Neema. Kimoja kati ya vinne kina ufa kichwani. Anza na hicho.